Damu Haifiki Unyayoni: Maradhi ya ateri za miguu kwa wazee na tiba yake

Saa nane za usiku, mzee ameketi ukingoni mwa kitanda. Mguu wa kulia ameuning'iniza chini, mikono miwili imelishika goti. Akilala na kuunyoosha, vidole vinamchoma kama vimetiwa kwenye makaa. Akiushusha, dakika chache baadaye maumivu yanapoa na anaweza kusinzia hivyo hivyo, ameketi. Kukicha wanawe wanauona mguu umevimba na umeiva kwa wekundu. "Baba, usiuning'inize mguu huo, uinue juu ya mto." Anawasikiliza. Usiku unaofuata hapati hata lepe la usingizi.

Wanawe wanampenda, na ushauri waliompa unafaa kwa miguu mingi iliyovimba. Kwa mguu huu unadhuru. Damu inayofika vidoleni ni kidogo mno na msukumo wake ni dhaifu. Mguu ukining'inia, uzito wa damu yenyewe unaisaidia kushuka, ndiyo maana maumivu yanapungua. Ukiinuliwa juu ya mto, hata ile kidogo iliyokuwa ikijikongoja inashindwa kufika.

Nimeanza na kitanda hicho kwa sababu maswali ambayo familia huuliza zikiambiwa mzee wao ana "mishipa iliyoziba mguuni" yanafanana na mkanganyiko huo. Mbona kidonda kidogo cha kidole kimegeuka habari ya kukatwa mguu? Mbona daktari anapima presha ya mkono wakati kinachouma ni mguu? Mbona mmoja ameambiwa atembee sana na mwingine ameambiwa asikanyage kabisa? Na mtu wa miaka 80, kweli apelekwe kwenye upasuaji? Majibu yote yanategemea swali moja, ambalo mara nyingi huulizwa mwisho wakati lilipaswa kutangulia: je, damu inafika unyayoni?

Mshipa upi?

Neno mshipa limebeba mizigo mingi. Mshipa wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, hata ngiri kuna wanaoiita mshipa. Kwa hiyo mzee akiambiwa "una tatizo la mishipa", mmoja nyumbani anaelewa ganzi, wa pili anafikiria mishipa ya buluu iliyotuna kwenye vigimbi, wa tatu anakwenda kununua dawa ya kuchua. Tuitenganishe mapema.

Ateri ni mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuipeleka mwilini, ikiwa imebeba oksijeni na chakula. Vena ni ile inayoirudisha moyoni. Neva ndiyo mishipa ya fahamu, inayobeba hisia na amri za ubongo. Maradhi tunayozungumzia hapa ni ya ateri: ile kubwa inayoshuka tumboni, ikagawanyika kwenda kila mguu, ikapita kinenani, pajani na nyuma ya goti, kisha chini ya goti ikatoa matawi matatu yanayokwenda hadi kwenye wayo. Miguu yenye mishipa ya buluu iliyojisokota ina shida ya vena, na baadhi ya tiba zake, kama soksi za kubana na kuinua miguu, zinaweza kumuumiza vibaya mwenye shida ya ateri. Ganzi na kuchomwachomwa kwa mgonjwa wa kisukari mara nyingi ni shida ya neva. Kinachowachanganya hata wahudumu wa afya ni kwamba mzee mmoja anaweza kuwa nazo zote tatu, hivyo ikipatikana moja, mbili nyingine zinasahaulika.

Ateri huzibaje? Wengi hutumia mfano wa bomba la zamani lililoshika kutu, na ni mfano mzuri kwa hatua ya kwanza. Miaka inavyokwenda, mafuta, chembe za uvimbe na chokaa hujenga ukoko ndani ya ateri, njia ikazidi kuwa nyembamba. Lakini mfano huo una kasoro. Kutu hukaa juu ya chuma, ilhali ukoko wa ateri unakua ndani ya ukuta wenyewe, chini ya ngozi laini inayoufunika. Ngozi hiyo ikipasuka, damu huganda papo hapo kama inavyoganda kwenye jeraha, na njia iliyokuwa nusu wazi inaweza kufungwa kabisa. Hapo ndipo utaona kwa nini tiba ina sehemu mbili: moja ya kuutuliza ukoko usipasuke, nyingine ya kuizuia damu isigande ovyo juu yake.

Kwa sababu hiyo ile kauli ya "damu yake ni nzito" inapotosha. Damu ya wengi wa wagonjwa hawa haina tatizo la uzito, bali njia imekuwa nyembamba. Kunywa maji mengi hakupanui ateri. Wala hakuna kinywaji cha kuzibua ukoko uliojengwa kwa miaka 30.

Wanaojengewa ukoko huo kwa kasi ni wavuta sigara, wagonjwa wa kisukari, wenye presha ya juu, wenye lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu na wenye figo dhaifu. Umri unaongeza kila kimoja. Duniani kote wenye maradhi haya wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 200. Kwa wavuta sigara, ateri za juu, za kiunoni na pajani, ndizo huathirika zaidi. Kisukari nacho hupenda kuziba zile nyembamba chini ya goti, na hizo ndizo ngumu zaidi kuzibua.

Mguu unavyozungumza

Dalili inayojulikana zaidi ni maumivu ya kutembea. Mtu anatembea mwendo fulani, kigimbi kinakaza na kuuma, anasimama, dakika chache maumivu yanaisha, anaendelea, na baada ya mwendo ule ule yanarudi. Madaktari wanaiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kuchechemea. Sababu yake ni rahisi: msuli unaofanya kazi unahitaji damu nyingi kuliko msuli uliotulia, na ateri iliyoziba haiwezi kuongeza. Anayepata nafuu kwa kusimama tu huenda ana shida ya ateri. Anayelazimika kuketi au kuinama ndipo apate nafuu, mara nyingi shida yake iko kwenye uti wa mgongo.

Kwa wazee, hata hivyo, dalili hii hujificha, na hapa ndipo neno "uzee" linapowaponza. Bibi aliyekuwa anakwenda mbali ameanza kukaa karibu na nyumba. Hasemi mguu unauma kwa sababu hauumi tena: amepunguza mwendo hadi pale ambapo hautamuuma. Kila mtu anaona ni umri. Hatua ya maumivu ya kutembea imerukwa, na siku anapofika kwa daktari anakuja na kidonda cheusi kwenye kidole. Mwenye kisukari ana kifuniko cha pili, kwani neva zilizokufa ganzi zinaweza kumnyima maumivu yote, hata yale ya usiku.

Kwa hiyo mguu uangaliwe, usisubiriwe useme. Mguu wenye njaa ya damu huwa baridi kuliko mwenzake. Ngozi ya muundi inang'aa na kuwa nyembamba, kucha zinakuwa nene na kukua polepole. Ukiuinua unakuwa mweupe, ukiushusha unageuka mwekundu wa zambarau. Wekundu huo unawadanganya wengi wakadhani damu imerudi vizuri, au kwamba ni uambukizo. Inua tena mguu uone: wekundu wa uambukizo unabaki, huu wa ateri unapotea.

Mwenye maumivu ya kutembea tu asikate tamaa. Wengi wao hawapotezi mguu hata baada ya miaka mitano. Hatari yao kubwa iko juu zaidi: ukoko ulio mguuni ni dalili kwamba upo pia kwenye ateri za moyo na za ubongo, na kinachowaua ni mshtuko wa moyo na kiharusi. Hali inabadilika kabisa maumivu yanapokuja mtu akiwa amelala na kudumu zaidi ya wiki 2, au kidonda kinapogoma kupona, au sehemu ya mguu inapoanza kuwa nyeusi. Hapo mguu wenyewe uko hatarini. Bila damu kurudishwa, takriban mmoja kati ya wanne hupoteza mguu ndani ya mwaka, na karibu idadi hiyo hiyo hufariki.

Ipo pia hali ya dharura isiyosubiri kukuche. Mguu unaouma ghafla, ukawa baridi na mweupe, kisha ukafa ganzi au vidole vikagoma kusogea, umefungwa damu wakati huo huo, mara nyingi kwa bonge lililotoka kwenye moyo unaopiga bila mpangilio. Msuli usio na damu huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali moja kwa moja. Asichuliwe, asikandwe kwa maji ya moto.

Na kidonda kidogo cha kidole je? Ngozi nzima, yaani isiyo na jeraha, inaridhika na damu kidogo tu. Ngozi iliyochanika inahitaji mara nyingi zaidi, kwa sababu inapaswa kujenga upya, kupigana na vijidudu na kuondoa uchafu. Ateri iliyoweza kuilisha ngozi nzima kwa shida haiwezi kulisha kidonda. Mzee anaweza kuishi miaka mingi na ateri zilizoziba bila kujua, hadi siku kiatu kipya kinapomchubua kidole. Kiatu kimeonyesha tu kilichokuwepo.

Kwa nini presha ya mkono?

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine kubwa. Mgonjwa analala chali apumzike. Mkanda wa presha unafungwa mkononi, kisha juu kidogo ya kifundo cha mguu, na mpimaji anasikiliza ateri kwa kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kiitwacho Dopla. Kwenye ateri nzima sauti inaruka kwa nguvu, mpigo hadi mpigo. Kwenye ateri iliyoziba inakuja kama upepo mdogo unaopita mlangoni.

Kisha ni hesabu ya kugawanya. Kwa kawaida presha ya kifundo hulingana na ya mkono au huizidi kidogo. Chukua mtu mwenye 150 mkononi na 90 mguuni: 90 gawanya kwa 150 ni 0.6. Kuanzia 1.0 hadi 1.4 ni kawaida, 0.9 kushuka chini ni maradhi ya ateri, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo njaa ya damu inavyozidi. Mkono ndio kipimo cha kulinganishia. Bila mkono, presha ya kifundo peke yake ni ngumu kuitafsiri.

Kuna mtego hapa ambao kila mwenye mzazi mwenye kisukari au ugonjwa wa figo aujue. Kwa wagonjwa hao, na kwa wazee sana, kuta za ateri hujaa chokaa zikawa ngumu kama mfupa. Mkanda unabana, ateri haibanwi, namba inatoka kubwa: 1.3, 1.5, hata zaidi. Anayesoma kwa haraka ataandika kwamba mzunguko wa damu ni mzuri, wakati kidole kinaoza mbele yake. Namba inayozidi 1.4 si habari njema, inamaanisha kipimo kimeshindwa. Dawa yake ni kupima presha ya kidole gumba cha mguu kwa mkanda mdogo, kwa sababu ateri za vidole huwa hazigeuki chokaa kwa urahisi. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda kina nafasi ndogo sana ya kupona bila damu kuongezwa, na mgonjwa aonwe haraka na daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu.

Picha za ateri, kwa altrasaundi, kwa CT (eksirei inayopiga picha za mwili vipande vipande) au kwa kuchoma dawa ya rangi ndani ya ateri, hufuata pale panapokusudiwa kuzibua. Dawa hiyo ya rangi inaweza kuumiza figo zilizochoka, hivyo figo zipimwe kwanza, na mgonjwa aseme mapema kama ana tatizo hilo.

Tiba ambayo haina kisu

Watu wakisikia ateri imeziba wanataka izibuliwe, na vidonge wanaviona kama danganya toto. Hapana. Vidonge ndivyo vinavyomweka mgonjwa hai.

Statini hupunguza lehemu na, muhimu zaidi, huutuliza ukoko usipasuke. Huandikwa hata kwa mtu ambaye lehemu yake haikuonekana kuwa juu sana, jambo linalowafanya wengi waziache wakidhani daktari amekosea. Aspirini au klopidogreli huzuia chembe sahani za damu zisishikane juu ya ukoko. Kwa baadhi ya wagonjwa huongezwa dozi ndogo ya rivaroksabani, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, pamoja na aspirini. Inapunguza hatari ya mguu kufungwa ghafla, ila inaongeza hatari ya kutoka damu, na kwa mzee aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo au anayeanguka anguka, uzito wa pande hizo mbili lazima ujadiliwe. Presha na sukari zidhibitiwe. Ipo pia silostazoli, inayomwezesha mtu kutembea mwendo mrefu zaidi, lakini ni marufuku kwa mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu. Wazee wengi wana hali hiyo, kwa hiyo orodha yote ya magonjwa na dawa zake iwekwe mezani kabla ya kuandikiwa.

Kuacha sigara kunashinda kidonge chochote nilichotaja. "Amevuta miaka 50, aache leo ya nini?" Kwa sababu ateri iliyozibuliwa au iliyopandikizwa kwa mvuta sigara huziba tena mapema zaidi, na kidonda chake hupona kwa shida. Faida inaanza siku anapoacha, awe na miaka 50 au 80.

Kisha kutembea. Mwenye maumivu ya kutembea, asiye na kidonda wala maumivu ya usiku, anatibiwa kwa mwendo wenyewe. Anatembea hadi kigimbi kiume kiasi, anasimama hadi maumivu yaishe, anaendelea. Dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki zisizopungua 12. Watu wanaogopa kwamba maumivu hayo yanaharibu mguu. Hayaharibu. Misuli inajifunza kutumia oksijeni kidogo kwa ufanisi, vijishipa vidogo vinafanya kazi vizuri zaidi, na umbali anaoweza kwenda bila kuumia unaongezeka ingawa penye ukoko hapajabadilika. Akiwa na mtu wa kumsimamia, matokeo ni mazuri zaidi kuliko kuambiwa tu "nenda ukatembee".

Mwenye kidonda unyayoni ni habari nyingine. Kila hatua inakikanyaga kidonda na kukipasua upya, kwa hiyo huyu anaambiwa apunguze uzito juu ya mguu huo. Ndugu wawili, ugonjwa mmoja, maagizo yanayopingana, na yote mawili ni sahihi.

Kurudisha damu

Mguu ukiwa hatarini, dawa na mazoezi havitoshi. Lazima njia ifunguliwe au ichongwe nyingine.

Njia ya kufungua kwa ndani ilianza, kwa kweli, na mguu wa bibi mzee. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, daktari wa mionzi Charles Dotter alipokea mwanamke wa miaka 82 mwenye kidonda na vidole vilivyoanza kuoza. Madaktari walishauri akatwe mguu, naye akakataa katakata. Dotter alipitisha waya mwembamba ndani ya ateri ya paja, kisha juu ya waya akapitisha mirija iliyozidi unene mmoja baada ya mwingine, akaipanua njia. Mguu ukapata joto, maumivu yakaondoka, kidonda kikafunga. Aliishi zaidi ya miaka 2 baadaye, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Miaka 10 baada ya tukio hilo, 1974, Andreas Grüntzig huko Zürich, Uswisi, alianza kutumia puto dogo badala ya mirija minene, na ndiyo njia inayotumika hadi leo.

Mgonjwa hahitaji kulazwa usingizi. Anachomwa ganzi kinenani, waya unaingizwa kupitia tundu dogo, unaongozwa kwa picha ya mionzi hadi penye ukoko, puto linapulizwa kwa dakika chache, linashushwa na kutolewa. Pengine huachwa stenti, yaani kijibomba cha waya kinachoshikilia ukuta usijikunje. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu hii ni faida kubwa. Ubaya wake ni kwamba ateri inaweza kuziba tena baada ya miezi, hasa zile nyembamba za chini ya goti. Je, kazi imekuwa bure? Kumbuka hesabu ya ngozi na kidonda. Ateri ikikaa wazi kwa muda wa kutosha kidonda kifunge, hata ikija kupungua tena, huenda damu iliyobaki ikaitosha ngozi iliyokwisha kuwa nzima.

Njia ya pili ni mchepuo, kama barabara inayozunguka daraja lililovunjika. Daktari huchukua vena ndefu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, anaiunganisha juu ya sehemu iliyoziba na chini yake, damu ikapita humo. Jean Kunlin alifanya hivyo nchini Ufaransa mwaka 1948, na hadi leo vena ya mtu mwenyewe inashinda bomba la kutengenezwa viwandani. Upasuaji huu ni mkubwa, una majeraha marefu, na mguu huvimba kwa wiki kadhaa baadaye. Uvimbe huo ni wa kawaida, ingawa unawatisha watu. Lakini mchepuo mzuri hudumu kuliko puto.

Ipi bora? Tafiti mbili kubwa zimetoa majibu yanayoonekana kugongana. BEST-CLI, iliyochapishwa 2022, iliwafuatilia wagonjwa ambao miguu yao ilikuwa hatarini. Miongoni mwa wenye vena ndefu nzuri, waliokufa au kupata tatizo kubwa la mguu walikuwa asilimia 42.6 kwa walioanza na mchepuo na asilimia 57.4 kwa walioanza na njia ya ndani. Mwaka 2023 ikaja BASIL-2, ya walioziba ateri za chini ya goti, ikaonyesha kinyume: waliokatwa mguu juu ya kifundo au kufariki walikuwa asilimia 63 kwa mchepuo na 53 kwa njia ya ndani. Mimi nazisoma hivi: hakuna njia ya kumfaa kila mtu, na hospitali inayojua njia moja tu itamwona kila mgonjwa anaifaa hiyo hiyo. Mzee mwenye nguvu, vena nzuri na matarajio ya kuishi miaka kadhaa ana sababu ya kufikiria mchepuo. Dhaifu zaidi, au asiye na vena, puto lina mantiki.

Kinachoniuma ni kidole kukatwa kabla ya damu kuulizwa. Kidole cheusi kinakatwa, jeraha halifungi kwa sababu damu haifiki, linakatwa juu zaidi, halifungi tena, na baada ya miezi mtu amefika gotini kwa hatua tatu. Kidole kikavu, cheusi, kisicho na harufu wala usaha, kinaweza kusubiri. Kikauke, damu irudishwe kwanza, ndipo kikatwe au kijidondokee chenyewe. Kibichi, kinachonuka, chenye usaha na wekundu unaopanda mguuni, na mgonjwa ana homa, hicho ni dharura ya siku hiyo hiyo, na uchafu unatolewa bila kungoja.

Miaka 80 na swali la kisu

Umri peke yake usimnyime mtu tiba. Yule bibi wa Portland alikuwa na miaka 82. Kinachopaswa kupimwa ni nguvu: alikuwa anatembea kabla ya kidonda? Anakula? Moyo na figo vikoje? Kumbukumbu zake? Na yeye mwenyewe anataka nini? Yupo atakayesema anataka kwenda chooni kwa miguu yake bila kusaidiwa. Yupo atakayesema anataka tu alale usiku. Malengo hayo mawili yanaweza kudai tiba tofauti kabisa, na mara nyingi anayeulizwa ni mtoto wake wakati mzee ameketi pale pale anasikia.

Kwa mtu ambaye hawezi tena kutoka kitandani, kuhangaika na puto la tatu au la nne kunaweza kumwongezea mateso. Kutuliza maumivu ipasavyo, kufunga kidonda kwa usafi na kuacha kidole kikauke ni tiba halali, si kumtelekeza. Na kuna wakati kukata mguu ndiyo huruma yenyewe: mguu uliooza, unaomtia homa na kumnyima usingizi kwa wiki nyingi, ukiondoka mtu anarudi kula na kuzungumza. Pale inapowezekana goti liachwe, maana anayebaki na goti lake ana nafasi kubwa zaidi ya kutembea na mguu bandia kuliko aliyekatwa juu yake.

Mguu wa pili nao upimwe wakati huo huo, kwa mkanda ule ule na Dopla ile ile, kwa kuwa ukoko hauchagui upande mmoja. Kisigino chake kiinuliwe kisilalie godoro, kwa mto mwembamba chini ya kigimbi ambao haupandishi mguu juu ya usawa wa moyo. Kila jioni mtu mwenye macho mazuri aukague wayo na katikati ya vidole kwa taa, kwa sababu mzee mwenyewe hawezi kuinama hadi huko, na mguu huo sasa ndio atakaousimamia.